Mdaka-nzi gani huyu? Utatuzi wa matatizo kwa watazama ndege wa Dar es Salaam

Chozi dume, yule ndege mdogo mfyonza maua, hujitangaza kwa rangi zake, na mwewe unamjua tangu akiwa juu ya mapaa ya Kariakoo. Wadaka-nzi wadogo ndio mtihani. Anakaa tawini kimya, anachomoka, anadaka kitu hewani, anarudi, na ukifungua kitabu unakuta kurasa mbili zimejaa ndege ambao kila mmoja unaweza kuapa ndiye. Hapa nimewaita wadaka-nzi ndege wote wadogo wa namna hiyo wanaowinda wadudu hewani au majanini, hata wale ambao wataalamu wamewaweka katika familia nyingine. Majina ya kisayansi nimeyabakiza kwa sababu ndiyo utakayoyakuta kwenye kila kitabu na kila programu ya simu.

Mwongozo umepangwa kwa dalili, kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye hali inayokusumbua. Ila kwanza badili mpangilio wa maswali yako. Wengi wetu tukimwona ndege tunaanza na rangi. Kwa kundi hili rangi iwe swali la mwisho. Anza na anachofanya: anawindaje, na akishadaka anarudi wapi? Kisha yuko mahali gani, na huu ni mwezi gani? Kisha uso, hasa kile kipande kidogo kati ya jicho na mdomo. Ukishajibu hayo, majina yanayobaki mezani kwa kawaida ni mawili au moja, na rangi inakuja kuthibitisha tu.

"Kila nikimtazama ana rangi nyingine"

Hapo wa kulaumiwa ni mwanga. Jua la utosi la saa sita mchana linaupausha mgongo na kulitia tumbo giza. Ndani ya msitu wa Pugu, mwanga unaopenya majani humpaka ukijani tumboni ndege yeyote mweupe, na hapo ndipo watu wanaporudi na habari za mdaka-nzi wa kijani ambaye hayumo katika kitabu chochote. Asubuhi yenye mawingu nayo ina hila yake: tunaipenda kwa sababu joto limepungua, lakini anga jeupe nyuma ya tawi humgeuza ndege wa kahawia kuwa kivuli cheusi.

Zunguka mti mpaka jua liwe mgongoni kwako. Ni jambo dogo, lakini tazama kundi lolote la watazama ndege uone wangapi wanahangaika na darubini huku wamesimama upande mbaya. Toka mapema, kati ya saa moja na saa tatu asubuhi jua bado liko chini na linamulika uso na kifua badala ya utosi. Mwenye kamera, kama nyuma ya ndege kuna anga, ongeza mwanga hatua moja au moja na nusu juu ya ile ambayo kamera imejichagulia. Anga litaungua kwenye picha. Liache liungue, unachotaka ni uso wa ndege.

Kama umezunguka na bado rangi haieleweki, achana nayo uende kwenye mkia.

"Ni wa kijivu au kahawia, mdogo, hana alama yoyote"

Hii ndiyo dalili inayoleta maswali mengi kuliko zote, na pwani yetu ina ndege wanne wanaoweza kuwa chanzo chake.

Wa kwanza ni mgeni, *Muscicapa striata*, anayezaliana Ulaya na Asia na kuja Afrika kukimbia baridi. Kwetu huanza kuonekana kama Oktoba na huwa ameondoka kufikia mwisho wa Aprili. Ukimwona ndege wa kijivu-kahawia mwezi Julai, huyu mweke mwisho kabisa wa orodha. Hahitaji msitu: utamkuta kwenye waya wa umeme, juu ya uzio, kwenye mwarobaini wa uani Mikocheni, pembezoni mwa makaburi. Hukaa wima juu ya ncha iliyo wazi, huchomoka, hudaka, na hurudi pale pale au tawi la jirani, kisha hutikisa mabawa mara moja. Anaweza kukaa hivyo nusu saa nzima, kwa hiyo huna sababu ya kumkimbilia. Uso wake una kitu ambacho wenzake wa hapa hawana: paji la uso lina michirizi myembamba ya giza. Kifuani ana michirizi pia, lakini hiyo ya kifua imefifia na kwa mbali haionekani, kwa hiyo ushahidi wako uwe paji. Tazama na mabawa. Ni marefu, ncha zake zinafika mbali juu ya mkia, kama inavyompasa ndege anayevuka Sahara.

Tena huyu hubadilisha manyoya yake ya kurukia akiwa huku Afrika, na huanza na unyoya wa nje kabisa wa bawa akielekea ndani, kinyume na ndege wengi wadogo. Ukipata picha ya bawa lililokunjuliwa, lenye manyoya mapya nje na makuukuu ndani, tayari una dokezo zito.

Wa pili ni mkaazi wa misitu na vichaka vinene vya pwani, *Fraseria caerulescens*. Rangi yake ni kijivu chenye ubluu, tumbo na koo vikiwa vyeupe zaidi. Uso ndio unaommaliza: kuna mstari wa giza kutoka mdomoni hadi kwenye jicho, juu yake mstari mweupe, na kuzunguka jicho kuna duara jeupe lililokatika. Kwa hiyo uso unaonekana umechorwa, wakati uso wa yule mgeni ni wa kawaida tu. Hana michirizi popote. Hukaa wima pia, na ndiyo maana wanachanganywa, ila yeye hupenda tawi la ndani kidogo, katikati ya mti au ukingoni mwa msitu, na hudonoa wadudu majanini pia. Misitu ya Pugu na Pande ni mahali pazuri pa kumtafuta.

Wa tatu anamfanana huyo wa pili kwa rangi kiasi cha kukatisha tamaa, na kwa tabia hawana uhusiano kabisa. Ni *Fraseria plumbea*. Mtazame kwa dakika moja ukingoni mwa kichaka: hakai wima, amejilaza mlalo wa tawi. Anasogea hatua mbili, anainua mkia, anaufungua na kuufunga kama mtu anayejipepea, anageuka upande wa pili, anasogea tena, anachungulia chini ya jani. Mkia ni wa giza, na kila unapofunguka manyoya meupe ya pembeni yanaonekana waziwazi. Hapo kesi imekwisha. Ukiwa na ndege wa kijivu na hujauona mkia ukifunguka, usiandike jina. Msubiri, maana huyu hawezi kukaa bila kuutumia. Wapo waongoza-asali wadogo wa jenasi (kundi linalotajwa na neno la kwanza la jina la kisayansi) ya *Prodotiscus* ambao nao wana weupe pembeni mwa mkia. Hao mkia huonekana zaidi wakiwa wanaruka, na hawana mchezo huo wa kujipepea majanini.

Wa nne ni *Agricola pallidus*, wa kahawia iliyopauka, mkubwa kuliko hao watatu, mkia mrefu kiasi, asiye na mchirizi hata mmoja. Kinachomtofautisha ni mahali anapodakia: huketi kwenye tawi la chini, hutazama chini, hushuka ardhini kuokota mdudu, kisha hupanda tawi lingine. Ukimwona wa kahawia anashuka chini mara tatu mfululizo, mfikirie huyu kabla ya mgeni wa Ulaya. Mtafute kwenye vichaka vya wazi na miti iliyotawanyika, si katikati ya msitu uliofunga.

"Kaka, programu imesema ni wa milimani, mbona mimi niko Kigamboni?"

Jibu fupi: programu inatazama picha, haijui uko wapi mpaka uiambie. Fungua mipangilio uhakikishe umeweka mahali na tarehe ya picha, hasa kama picha umetumiwa na mtu au umeihamisha kutoka kamera, maana taarifa za mahali hupotea njiani.

Jina linalojitokeza mara kwa mara kimakosa ni *Muscicapa adusta*. Ni ndege wa kweli na Tanzania anapatikana kwa wingi, lakini kwake ni misitu ya milimani, Usambara na Kilimanjaro kwa mfano, si usawa wa bahari. Ni mdogo wa mviringo, mabawa mafupi, kifua chenye kivuli kisicho na michirizi inayoeleweka. Programu humchagua pale picha ya yule mgeni wa Ulaya ilipopigwa kutoka mbele, ndege kajikunyata, paji halionekani. Rudi kwenye picha utafute paji na urefu wa bawa. Kama huna picha nyingine ya kuonyesha hivyo viwili, usimwandike ndege wa milimani kwenye orodha ya Dar.

Mwingine anayepenyezwa ni *Muscicapa aquatica*, ambaye maskani yake ni mafunjo na kingo za Ziwa Victoria. Rafiki yako wa Mwanza ana haki ya kutuma picha yake kwenye kundi la simu la watazama ndege kila wiki. Wewe wa Msasani huna.

"Kitabu kina jina moja, programu ina jingine"

Huna ndege wawili. Uchunguzi wa vinasaba umehamisha wengi wa hawa kutoka jenasi moja hadi nyingine, na vitabu vya zamani havijafuata. *Muscicapa caerulescens* wa kitabu cha zamani ndiye *Fraseria caerulescens* wa leo. *Myioparus plumbeus* ndiye *Fraseria plumbea*. *Agricola pallidus* utamkuta pia kama *Bradornis pallidus* au *Melaenornis pallidus*. Tazama neno la pili la jina. Hilo kwa kawaida limebaki lile lile, limebadilika mwisho tu kufuata jinsia ya Kilatini.

"Ni mweusi tii, lakini sijui kama ni mramba"

Weusi ni wanne, na kwa bahati nzuri mkia na jicho vinamaliza mengi.

Mramba wa kawaida, *Dicrurus adsimilis*, ana mkia uliogawanyika vizuri kama uma, jicho jekundu, mdomo mnene na ukorofi. Humwandama mwewe, humwandama kunguru, huiga sauti za ndege wengine. Binafsi namshangilia kila nimwonapo akimfukuza kunguru wa mjini, maana hawa kunguru walioletwa kutoka Asia wamewatesa ndege wadogo wa Dar kwa kuiba mayai na makinda.

Mdaka-nzi mweusi, *Melaenornis pammelaina*, ni mpole. Mkia wake umekatwa sawa au una mbonyeo mdogo tu mwishoni, jicho ni la kahawia, mdomo mwembamba. Hukaa kimya kwenye tawi la chini na kushukia wadudu ardhini. Ukimwona mweusi aliyetulia hana ugomvi na mtu, tazama jicho kabla ya kuandika mramba.

Ugumu unaanza ndani ya msitu wenyewe. Kuna mramba mdogo wa msituni, *Dicrurus ludwigii*, ambaye mkia wake nao haukugawanyika sana, kwa hiyo kanuni ya mkia inakuangusha. Hapo shika jicho, ambalo ni jekundu, na kelele zake: ni mchangamfu wa juu juu ya miti, hanyamazi. Mdaka-nzi mweusi mwenyewe si ndege wa ndani ya msitu mnene, anapenda miti yenye nafasi, kwa hiyo mahali panakusaidia tena.

Wa nne ni dume wa *Campephaga flava*. Yeye hatoki kudaka hewani. Hutambaa polepole majanini akitafuta viwavi, mkia ni wa mviringo mwishoni, na pembe ya mdomo ina umanjano unaoonekana ukimpata karibu. Baadhi ya madume wana bega la manjano, na hao hawana utata.

"Mweusi na mweupe, ana mkanda kifuani, hatulii"

Umeingia kwa kina *Batis* na ndugu yao *Platysteira*. Wadogo, wanene, mkia mfupi, wanapenda kutembea wawili wawili, dume na jike. Hilo la wawili ni zawadi, kwa sababu kwa ndege hawa jike ndiye anayetaja jina. Madume wanafanana mno. Kwa hiyo ukimwona dume usimfuate yeye; simama, subiri mwenzake ajitokeze, mara nyingi hayuko mbali.

Kwanza tenganisha makundi mawili. Kama juu ya jicho kuna kipande cha nyama chekundu, huyo ni *Platysteira peltata*. Anapenda mikoko, kingo za mito na vichaka vyenye unyevu, kwa hiyo upande wa Kunduchi au kando ya mabonde yenye maji mfikirie mapema. Dume ana mkanda mwembamba mweusi kifuani, jike koo na kifua vyote ni vyeusi. Hana mstari mweupe kwenye bawa wala unyusi mweupe. Chipukizi wake bado hana nyama nyekundu iliyokomaa, na huyo ndiye anayewadanganya watu kuwa ni *Batis*. Angalia bawa: kama halina mstari mweupe, rudi kwa *Platysteira*.

Kama bawa lina mstari na jicho halina nyama, ni *Batis*, na karibu na Dar swali la kawaida ni kati ya wawili. *Batis mixta* ni wa ndani ya msitu, Pugu kwa mfano. Mkia wake ni mfupi hata kwa kipimo cha jamaa zake, na jicho la mtu mzima lina wekundu. Jike ana rangi ya kutu kooni na kifuani, na kutu hiyo hiyo iko kwenye mstari wa bawa. *Batis soror* anapenda miti yenye nafasi na vichaka vya wazi zaidi, jicho lake ni la manjano, na jike ana mkanda wa kutu iliyopauka kifuani huku mstari wa bawa ukibaki mweupe. Kwa hiyo rangi ya jicho kwanza, kisha bawa la jike.

Wanaosafiri bara hukutana na wa tatu, *Batis molitor*, ambaye jike ana doa la kutu kidevuni lililojitenga na mkanda wa kifua. Picha yake ikitumwa na mtu aliyeko Dodoma au Iringa haimaanishi yuko Dar pia.

Jicho kuonekana jeusi kwenye picha ni tatizo la kivuli, si dalili. Piga picha nyingi mfululizo. Katika picha ishirini, moja itakuwa imeshika jicho likiwa na mwanga.

"Kadogo mno, ka manjano, hakatulii hata sekunde"

Kama uko msituni Pugu au Kazimzumbwi na ndege ana urefu wa sentimita tisa hivi, manjano chini, ukijani juu, uso mtupu usio na mchoro na jicho jeusi linaloonekana kubwa, una *Erythrocercus holochlorus*. Huyu ni hazina ya ukanda wa pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia kusini mwa Somalia kupitia Kenya hadi kwetu, na wageni hupanda ndege kutoka mbali kuja kumtafuta wakati sisi tunampata kwa daladala ya Gongo la Mboto na kuunganisha. Hutembea kwa vikundi vidogo, mara nyingi amejichanganya na ndege wengine wa msituni, na mkia wake haukai kimya.

Anachanganywa na watatu. Mwenye duara jeupe kuzunguka jicho ni wa jenasi *Zosterops*, huyo hata mtoto anamjua akishaonyeshwa. Mwenye unyusi mrefu uliopauka, anayeonekana kati ya Oktoba na Aprili, akichakura majani peke yake hata kwenye miti ya mjini, ni mgeni mwingine wa kutoka kaskazini, *Phylloscopus trochilus*. Mwenye mkia mrefu mwembamba ni wa jenasi *Apalis*. Ukikosa duara, unyusi na mkia mrefu, ndipo urudi kwa yule wa pwani.

Na kama mdomo umepinda kuelekea chini, ni chozi jike. Funga mjadala.

"Ana kishungi lakini mkia mrefu siuoni"

*Terpsiphone viridis* anajulikana kwa mkia wa dume unaopepea, lakini jike na vijana hawana mkia huo, na dume naye hupoteza manyoya yake marefu anapobadilisha. Tafuta rangi ya kutu mgongoni na mkiani. Ikiwepo, ni huyo, hata awe na mkia wa namna gani. Ikikosekana kabisa, na ndege yuko chini chini kwenye giza la msitu, ana kishungi, dume kichwa na kifua vyeusi vinavyong'aa, tumbo jeupe, jike kijivu, anapanua mkia huku na huku, basi ni *Trochocercus cyanomelas*. Hapa kutu ya mgongo inatosha kukupa jibu.

"Ana madoadoa mwili mzima, hayumo kitabuni"

Ni mtoto. Makinda wa familia ya *Muscicapidae*, yaani wadaka-nzi wa kweli na jamaa zao, hutoka kiotani wakiwa na madoa ya rangi ya maziwa yaliyopauka juu ya mgongo na magamba ya giza kifuani, na vitabu vingi havina nafasi ya kuwachora wote. Usihangaike kumtambua yeye, tafuta anayemlisha. Kinda wa mdaka-nzi mweusi ana madoa kahawia juu ya mwili mweusi na watu humwandika kama ndege adimu wa ajabu. Keti, subiri mzazi alete mdudu.

Ukimwona asiye na mkia kabisa, ama ni kinda ambaye mkia haujakua, ama amenusurika kwa paka. Mkia haupo, kwa hiyo vigezo vyote vya mkia vimefutika. Tumia uso.

"Nimemsikia tu"

Sauti inasaidia zaidi kwa *Batis*, ambao hupiga mluzi unaosikika mbali, na kwa *Terpsiphone*, ambaye hukwaruza kabla hujamwona. Yule mgeni wa Ulaya, kinyume chake, akiwa huku hutoa kilio chembamba kifupi ambacho pikipiki moja ya bodaboda inatosha kukifunika. Rekodi kwa simu hata sekunde ishirini, ukiwa umeielekeza kwa ndege na wewe ukiwa kimya. Kupiga sauti ya ndege kwenye spika ili ajitokeze sikushauri: anaacha kula, anaacha kiota, anakuja kupigana na simu. Katika msitu mdogo kama Pugu unaotembelewa na watu wengi, ndege mmoja anaweza kufanyiwa hivyo kila wikendi.

"Nimefanya yote hayo, bado sijui"

Hilo nalo ni jibu, na kuna njia ya kuliandika. Andika jenasi pekee kama unayo: "*Batis*, aina haijajulikana". Kama huna, andika "mdaka-nzi" na maelezo: mahali, saa, mwezi, alidakia wapi, alirudi wapi, mkia ulifanya nini, kati ya jicho na mdomo kulikuwa na nini. Programu za kuhifadhi orodha zinaruhusu rekodi ya namna hiyo, na mtu atakayeipitia atakushukuru zaidi kuliko kwa jina la kubahatisha, kwa sababu jina la kubahatisha likishaingia kwenye ramani, kulitoa ni kazi.

Unapomwuliza mtu, usitume picha moja uliyoikata mpaka imebaki ndege tupu. Tuma picha zote, hata mbovu, moja ikiwa ya pembeni inayoonyesha bawa na mkia, na useme picha imepigwa wapi na lini. "Dada, naomba msaada, nimempiga Pande asubuhi ya Novemba, alikuwa anashuka chini mara kwa mara" ni swali linalojibika. Picha tupu yenye "huyu nani?" itakuletea majibu matano ya watu watano, na kila mmoja ana uhakika.

Na kabla hujaondoka pale, kama ndege bado yupo, weka simu mfukoni umtazame tena kwa darubini. Mara nyingi paji la uso au mkia unaouhitaji anauonyesha wakati wewe umeinama unaandika.